Usiuchape huo wasifu wa bibi kabla hujauliza alimlea nani

Mleta mada, acha kwanza kuandika. Unasema bibi amefariki Jumanne, mazishi Jumamosi, umechukua mfano wa wasifu steshenari na umeshajaza nusu. Unauliza uwe kurasa ngapi, asome nani, picha ipi ikae mbele, vijitabu vichapwe wapi. Na katikati umetaja mama mmoja "kama ndugu tu" aliyelala na bibi hospitali wiki tatu. Kwenye orodha yako ya watoto hayumo. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Muheza. Wasifu wake niliuandika Dar usiku mmoja, peke yangu, kwa mfano kama huo wako: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto 6, ameacha wajukuu 24. Kijana wa steshenari aliniambia, "Dada, zote huwa hivi, wewe jaza namba." Mwenyekiti wa kamati ya msiba, mtu mzima kabisa, akanikazia niweke wa kuzaa tu, eti ibada ina muda. Nikamtii. Mpaka leo nina hasira naye, maana yeye alikuwa anajua.

Bibi alikuwa na mtoto wa saba. Mwaka 1974, mwaka wa njaa, watu wanakula ule unga wa njano walioupa jina la yanga, jirani yake alifia uzazini. Mume wa marehemu alikuwa manamba, alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Akamwachia bibi kichanga, akaaga kwamba anakwenda kwao kuita ndugu. Hakurudi. Bibi wakati huo alikuwa ananyonyesha mama yangu mdogo, basi akawapakata wote wawili, titi hili na titi hili.

Huyo ndiye mjomba wangu. Bibi alipokuwa akiuza machungwa stendi, anamenya kwa wembe, ganda linashuka kama utepe bila kukatika, mjomba ndiye aliyekuwa akikimbilia madirisha ya mabasi na sinia kichwani. Nyumba ya bati aliyofia bibi, kaijenga yeye.

Siku ya mazishi MC akafuata karatasi yangu. "Watoto wa marehemu, njooni na shada." Wakaitwa sita, jina kwa jina. Mjomba alikuwa ametoka kufukia kaburi, ameshajifuta udongo kwenye suruali, amesimama anangoja. MC akasema, "Sasa wajukuu." Nilimwona anaitazama mikono yake. Kisha akageuka, akapita kwenye migomba, akaenda. Huu mwaka wa nne hajakanyaga pale nyumbani. Nikimpigia anapokea, anauliza watoto hawajambo, basi, kimya.

Jioni ile ile, jikoni, mama mmoja jirani anapepeta mchele akaniuliza, "Mwanangu, mmesoma wasifu wa nani?" Akanisimulia kwamba bibi alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, na vile vichanga viwili amevilaza kwenye kanga pembeni. Barua ya kwanza aliyoandika maishani mwake ilikwenda Kigoma, kumtafuta baba wa yule mtoto. Miaka yote nimelala kitanda kimoja na bibi yangu, sikuwahi kulijua hilo. Na lilikuwa hatua chache tu kutoka nilipoketi, kwenye ungo wa mchele.

Kwa hiyo nenda jikoni. Keti na kina mama waliopika na bibi, waliochota naye maji, wasomee mstari kwa mstari, na uwaulize jambo moja: alimlea nani? Kila jina watakalokutajia liandike pamoja na watoto, na hiyo hiyo ndiyo iwe orodha ya MC ya mashada. Wakikuambia muda hautoshi, punguza vyeo vya wajukuu na miji wanayoishi. Kurasa mbili zinatosha. Jina la mtu aliyenyonya usiliguse, hata kamati nzima ikununie.

Leo Alhamisi, bado una leo na kesho. Huyo mama wa hospitali, bibi yako alikuwa akimwitaje? Mpigie sasa hivi, muulize, kisha rudi utuambie.