Maswali ya Wasomaji: Bomba la Majitaka la Boston

SWALI: Mhariri, ninaishi Quincy, jimbo la Massachusetts, Marekani. Majitaka ya Boston na miji jirani husafishwa katika mtambo wa Deer Island, kisha humwagwa baharini. Kila ripoti inasema bahari haijadhurika. Wanajuaje, ilhali bahari hubadilika yenyewe kila msimu?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, kwa sababu maji yaliyochotwa leo na kupimwa leo hayasemi chochote kuhusu chanzo cha mabadiliko. Kilichowasaidia wataalamu wa Boston ni kuanza mapema. Handaki la kilomita 15 linalopeleka maji hayo katika Ghuba ya Massachusetts, kwenye kina cha mita 30 hivi, lilifunguliwa Septemba 2000, lakini upimaji ulianza mwaka 1992, hivyo zilikuwapo kumbukumbu za miaka ya mwani mwingi na za miaka ya mwani haba. Tena vituo vya kupimia havikuwekwa penye bomba tu. Vingine viko mbali, na mwani ukiongezeka kotekote kwa pamoja, ni vigumu kulilaumu bomba.

Hofu kubwa ilikuwa naitrojeni. Mtambo huondoa sehemu kubwa ya uchafu unaooza, lakini naitrojeni nyingi hubaki, nayo ni mbolea ya mwani, ambao ukifa na kuoza humaliza oksijeni ya chini. Vipimo vimeonyesha kwamba amonia, ambayo ni aina mojawapo ya naitrojeni, iliongezeka karibu na bomba, kama ilivyotarajiwa, ila mwani haukuongezeka kwa kiasi hicho. Katika bandari ya Boston, yalikomwagwa majitaka zamani, amonia ilipungua mno.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni ini la samaki. Samaki bapa wa jamii ya wayo hulala juu ya mashapo na kula humo humo, na katika miaka ya 1980 wale wa bandari ya Boston walikutwa na uvimbe wa saratani kwenye maini. Wataalamu wamekuwa wakiwapasua na kuwachunguza mwaka baada ya mwaka, na maradhi hayo yamepungua sana, hata karibu na bomba jipya.

Kibali cha kumwaga maji kiliambatana na viwango vya tahadhari na vya onyo: kimoja kikivukwa, sharti umma utaarifiwe na sababu itafutwe. Kuna wakati kiwango kilivukwa kwa sababu wadudu wa mashapo walikuwa wa aina nyingi kupita ilivyotazamiwa, na hali hiyo hiyo ikaonekana pia mbali na bomba.

Hata hivyo, viwango hivyo vilitungwa kwa hofu za miaka ya 1990. Mabaki ya dawa tunazomeza na kemikali za PFAS, yaani kemikali za viwandani zisizooza kwa urahisi, hayakuwamo. Ukiipata ripoti ijayo, anza kusoma takwimu za vituo vya mbali, kisha uzilinganishe na za karibu.