Joto la nyumba lisitoke kwenye jiko la mkaa

Juni ikifika, nyumba nyingi za Mbeya, Iringa, Njombe na Makete hufungwa kama ghala. Matundu ya hewa juu ya madirisha huzibwa kwa matambara, jiko la mkaa huingizwa chumbani, na hapo ndipo nyumba inapoanza kuwadhuru wenyewe. Ukijenga au ukikarabati, fanya jengo lenyewe litunze joto, usije ukalitafuta kwenye mkaa.

Tuanze na jiko hilo. Wengi husubiri mkaa ukolee, moshi uishe, ndipo waliingize ndani wakiamini hatari imepita. Haijapita. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Uwe mkaa wa miwati, uwe wa miombo, ni yale yale. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, miguu ikalegea. Aliyelala hashtuki kabisa. Ukiona dalili hizo, fungua milango, mtoe nje, mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Kwa bibi au mtoto anayesikia baridi, jaza chupa maji ya moto, funga vizuri, izungushie kanga mbili, iweke miguuni.

Sasa jengo. Joto hupanda, na bati tupu huliachia lote, kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye dari. Kuna jambo linalowachanganya watu hapa: alfajiri matone yanadondoka kitandani na nje hakukunyesha. Bati halivuji. Usiku limepoa sana, na mvuke wa pumzi na wa sufuria umegeuka maji ulipoligusa. Dari hupunguza tatizo hilo, ila acha matundu kwenye kuta za pembetatu pande zote mbili za paa, uyafunike kwa wavu mdogo kuzuia panya na popo. Ukiziba kila mahali, unyevu utakaa huko juu na kuozesha kenchi.

Huku kwetu, miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Madirisha makubwa ya sebule na vyumba vya kulala yatazame kaskazini au mashariki. Kusini-mashariki, unakotoka upepo wa baridi, weka stoo na madirisha madogo. Ramani ya kununua haijui kiwanja chako kimeelekea wapi, kwa hiyo igeuze kabla ya kuchimba msingi.

Unyevu wa ukutani mara nyingi hutoka chini. Inua msingi sentimita 45 juu ya ardhi, kisha tandaza nailoni nzito upana wote wa ukuta kabla ya tofali la kwanza. Penye maungio, ipandane sentimita 15. Kosa linalorudiwa sana ni fundi kushusha plasta kuanzia ukutani hadi ardhini, ikaifunika nailoni kwa nje. Maji hupandia kwenye plasta hiyo, na baada ya masika moja rangi inatoka magamba na ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Kupaka rangi upya hakusaidii. Kata plasta kwenye mstari wa nailoni, acha ukuta ukauke, ndipo upake.

Jikoni, jiko banifu lenye dohani linapunguza kuni na kutoa moshi nje, mradi dohani ipite kilele cha paa kwa sentimita 60 hivi. Ikiwa fupi, upepo huurudisha moshi ndani. Dohani ya tofali ni salama kuliko bomba la bati, kwa sababu bomba likigusa mbao za dari linaweza kuunguza nyumba. Kuni za msindano zina utomvu na huacha masizi mengi, kwa hiyo safisha dohani kila mwezi. Kuni zozote zipasuliwe na zikae chini ya paa miezi kadhaa. Kuni mbichi hupoteza sehemu ya moto kwa kukausha maji yake yenyewe.

Na hili tunalisisitiza hasa kwa walio jirani na viwanda vya mbao vya Mafinga na Njombe: vipande vya mbao zilizowekwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, visipikiwe wala kuotewa moto. Dawa hizo nyingi zina aseniki, shaba na kromiamu. Sehemu ya aseniki hupanda na moshi, inayobaki hukaa kwenye majivu. Maranda yake yasitandikwe kwenye banda la kuku, na majivu yake yasimwagwe kwenye bustani ya mboga. Rangi hiyo hufifia mbao zikikaa juani, kwa hiyo rundo la mabaki usilolijua lilikotoka, liache lilipo.