Nauli ya kwenda dawati la jinsia la polisi itoke wapi?

Wiki hii barua tatu zimekuja kama zimeagana, zote za huku huku kwetu Kusini, na zote zinamzunguka mtu mmoja: mwanamke aliyepigwa ndani kwake, anataka haki yake na hela hana. Nimezipunguza kidogo na majina nimeyaondoa.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni wanawake 23 wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Tandahimba, wawili kati yetu ni wasaidizi wa kisheria, walipata mafunzo na wameandikishwa. Zamani kulikuwa na mradi unawapa nauli, vocha na makaratasi, mradi umeisha, ila wenye shida hawajaisha, wanakuja usiku kwa huyu mwenzetu na yeye anatoa mfukoni mpaka mume wake kaanza kununa. Kwenye kikao wengine wanasema kila anayekuja kusaidiwa achangie elfu tano, wengine wanasema tuchukue mkopo wa halmashauri. Mimi ndo katibu, nimeshindwa niandike nini kwenye kitabu.
Katibu, Tandahimba

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mwenzenu mpelekee salamu zangu na mwambie namwelewa, mimi mwenyewe nimeifanya hiyo kazi miaka tisa na najua inavyokuwa mtu kagonga mlango saa sita usiku, mtoto mgongoni, na wewe ndani una elfu tatu ya mboga ya kesho.

Elfu tano ifuteni leo leo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imekuja kwa ajili ya mtu asiye na uwezo asaidiwe bure, sasa ukimwambia achangie kwanza ushamrudisha kwa yule yule anayempiga, manake hela ya nyumba ile inashikwa na nani? Kuna mama mmoja simsahau. Alikuja kwangu kafunga PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, kwenye pindo la khanga, akaifungua taratibu, jasho limeigandisha, maandishi ya daktari yameanza kufutika. Polisi walimpa fomu, hospitali wakaijaza, kilichobaki ilikuwa kuirudisha tu polisi, na kairudisha baada ya siku 11. Nikamuuliza mama kwa nini umekaa nayo muda wote huo, akasema nilikuwa nauza ming'oko, vile viazi vya porini, nipate ya boda. Siku 11 anachemsha ming'oko apate nauli ya kurudisha karatasi, na huku yule bwana keshajua kashtakiwa, keshawazungukia majirani wote waliosikia.

Ndo maana nasema kesi nyingi za hawa ndugu zetu haziuliwi na kukosa wakili, zinauliwa na boda na fotokopi. Kaeni chini mpige hesabu ya mtu mmoja toka mwanzo mpaka mwisho: boda ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto, boda ya hospitali, kurudi polisi, fotokopi ya PF3 na cheti cha ndoa (yeye abaki na nakala, asiachie zote), vocha ya kuulizia kesi imepangwa lini, nauli ya mashahidi wawili, na uji wa mtoto maana mahakamani mnaweza kukaa mpaka saa nane. Andikeni kwa bei za hapo kwenu. Mtashangaa siyo mlima.

Sasa nyie mko 23. Kwenye mfuko wa jamii wa kikundi kila mtu akitoa 500 kwa wiki ni 11,500, wiki nne 46,000. Hiyo haimlipi wakili lakini inamfikisha mtu dawati siku hiyo hiyo alama bado zinaonekana, na hapo ndipo kesi inaposimama au kuanguka. Hela iwe kwenye bahasha yake ndani ya sanduku, isichanganywe na hisa wala na ya misiba. Na wewe katibu nakuomba sana, kitabuni usiandike jina la mtu. Andika "safari namba 4, boda, 6,000" basi, majina wakae nayo hao wasaidizi wawili, kitabu cha kikundi kinalala nyumba za watu na waume wanajua kusoma.

Mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ile nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mzuri na hauna riba, ila ni mkopo. Nauli ya mama kwenda polisi haizai, mtairudishaje? Kama mnautaka chukueni kwa ajili ya biashara, mfano kubangua korosho, alafu mkubaliane kwa maandishi sehemu ya faida inaingia kwenye ile bahasha. Hapo sawa.

Alafu kuna AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na hapa naona tunalala wanawake wa Mtwara na Lindi. Makato ya kwenye kilo ya korosho hayashuki toka mbinguni, mkutano mkuu wa wanachama unakaa kabla ya msimu na kupitisha. Kanuni ya saba ya ushirika ni kujali jamii. Sasa wanachama wanawake nendeni mkiwa wengi na ajenda yenu imeandikwa, muombe kiasi kidogo tu kwa mwaka kwa ajili ya usafiri wa walioumizwa majumbani, na msiende na maneno ya jumla, nendeni na ile hesabu ya boda na fotokopi. Mwanaume wa Tandahimba anaelewa hesabu ya kilo. Hesabu hiyo hiyo mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa, manake wakishafunga mtaambiwa subirini mwakani.

Wafadhili wakubwa wapo, shirika la LSF toka 2011 wamekuwa wanawapa ruzuku wasaidizi wa kisheria nchi nzima, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imekuwa inazungusha wanasheria mikoani. Wakija watumieni kwenye yale magumu, mashamba, mirathi, rufaa, muwe mmeshaandaa makaratasi. Ila wanapita. Na la mwisho, wale 21 wasio wasaidizi wasijiite wasaidizi wa kisheria. Kusindikiza mtu, kumshikia mtoto, kumlipia boda, hiyo inaruhusiwa kwa yeyote mwenye moyo.

SWALI: Shikamoo. Nipo Lindi, mume wangu ananipiga, mara ya mwisho ni juzi. Nimeambiwa bila wakili siwezi kushinda, nikaenda kuuliza nikaambiwa nirudi kwanza nikasuluhishwe barazani. Na nyumba nasikia kaanza kuitafutia mteja. Nifanyeje na mimi hata elfu kumi sina?
Mama watoto, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kabla ya yote, leo unalala wapi? Kama unahisi atarudia, toka na watoto nenda kwa mtu wako unayemwamini, na ikiwa ni dharura piga polisi 112.

Wamekuchanganyia vitu viwili. Kipigo ni jinai. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na Kanuni ya Adhabu kifungu cha 241, kumpiga mtu ukamuumiza mwili, kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Hiyo inaenda polisi, haingoji baraza, na kama ni juzi basi nenda kesho asubuhi uchukue PF3 na utibiwe. Baraza la usuluhishi wa ndoa linakuja ukitaka talaka, hapo ndo mahakama inadai hati ya kwamba suluhu imeshindikana, na hata hapo kifungu cha 101 kinaruhusu mahakama kukupokea bila baraza kukiwa na sababu za kipekee, kwa hiyo kama barazani hakuna usalama kwako yaseme hayo mbele ya hakimu.

Wakili siyo lazima. Kesi ya ndoa unaweza kuifungua mahakama ya mwanzo, pale ni Kiswahili mwanzo mwisho na wengi wanajieleza wenyewe. Ada ikikushinda mwambie hakimu huna uwezo, uombe kusamehewa. Chukua daftari la shule la mtoto, andika kila tukio: tarehe, saa, alikupiga na nini, wapi, nani alisikia, nani alikuona asubuhi yake. Usipambe, usiongeze hata neno. Hilo daftari liweke kwa dada yako lisikae hapo nyumbani. Siku ya kesi ukiogopa ukasahau yote, na utaogopa, lisome taratibu kabla hujaingia.

Nyumba mnayoishi kama mke na mume hawezi kuiuza bila ridhaa yako, kifungu cha 59. Nenda serikali ya mtaa ukatoe taarifa kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri. Na asikutishe mtu kwamba hujachangia kitu kwa kuwa hukuwa na mshahara, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

SWALI: Nasoma safu yako lakini naona mnawapa hela wanawake wakawashtaki waume zao. Kwetu mambo haya wajomba tulikuwa tunayamaliza uani. Hamuoni mnavunja ndoa?
Mjomba, Nachingwea

JIBU: Shikamoo mjomba. Naheshimu, na mimi nimelelewa na wajomba. Lakini nakumbuka kilichomalizwa uani: mbuzi alichinjwa, wazee wakala, binti akarudishwa, na msimu uliofuata, uraka, ile pombe ya mabibo, umekolea, karudi hana jino. Ndoa hiyo nani kaivunja?

Kazi yako bado ipo na ni kubwa. Ulisikia, uliona, basi usimame shahidi, mwanamke mwenye mjomba nyuma yake polisi hawamzungushi. Na mnada wa kwanza wa korosho ukilipa, kabla hujanunua bati, tenga hela ya kilo kumi za korosho mpe mweka hazina wa kikundi cha wanawake hapo kijijini. Mpwa wako akigonga usiku mfungulie, na asubuhi mpandishe boda wewe mwenyewe, ukae nyuma yake mpaka dawati.