Vom na von der: kwani mbwa wa tajiri ni mabwana wakubwa?

SUALI: Assalaam alaykum mhariri. Mie mlinzi wa hoteli huku Paje, tajiri wetu kaleta mbwa wawili wale wa Kijerumani kama wa polisi, wana vyeti utasema wanakwenda Hijja. Dume kaandikwa Arko vom Berg, jike Asta von der Mühle. Skuli tulisoma von Wissmann na von Lettow, wale wakubwa wa Kijerumani enzi za ukoloni, na von tuliambiwa ni ya watu wa ukoo wa kibwana, sasa mbwa nao wana ukoo mkubwa? Na vom na von der ndo dume na jike? Tushabishana hapa getini mpaka chai imepoa. Tena jike ana mimba, tajiri kasema nitafute majina.

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Hiyo ya dume na jike wengi wanaangukia hapo hapo, mbwa hahusiki kabisa, kinachoangaliwa ni kile kitu kinachofuata, maana Kijerumani kila kitu kina jinsia yake hata jiwe. Von ni kama wa yetu. Berg, mlima, ni dume, inakuwa von dem, wakaifupisha vom. Mühle, kinu cha kusagia nafaka, ni jike, basi von der. Haus, nyumba, si dume si jike lakini nayo inachukua vom. Kwa hivyo hata kaka yake Asta ni von der Mühle vile vile. Sie tunasema mbwa wa, nyumba ya, chombo cha, tunamtazama aliyetangulia, wao wanamtazama anayekuja nyuma.

Na hilo jina la nyuma si la baba, ni la banda alilozaliwa, kama tunavyosema Ali wa Darajani. Daraja kwao ni Brücke, jike, basi mbwa wa Darajani angekuwa von der Brücke. Ukiona zum au zur hiyo inakaribia -ni yetu ya Mkunazini, nyumba za wageni za zamani kwao zinaitwa Zum Löwen, yaani kwa Simba.

Mji wenye jina lake unachukua von tupu. Mbwa nambari 1 kwenye daftari la chama cha mbwa hao wa Kijerumani, kilichoundwa 1899 na Max von Stephanitz, ni Horand von Grafrath. Hapo von mbili na si sawa, ya bwana Stephanitz ni ya ukoo, ya mbwa ni ya banda tu. Na huyo Wissmann wenu alizaliwa bila von, kapewa 1890! Horand nae kabla hajanunuliwa alikuwa Hektor Linksrhein, kushoto kwa mto Rhein, von hana.

Sasa majina. Wao watoto wa mzao mmoja wote huanza herufi moja, mzao wa kwanza wa banda A, wa pili B. Tajiri akifungua banda hapo hapo basi ni von Paje, na mie ningeanza na Asali von Paje. Amina usithubutu, wenye jina lao watakuja getini.