Kabla hujaandika "Wajerumani huheshimu muda"

Sentensi iliyoniumbua ilikuwa na maneno matatu tu: "Wajerumani huheshimu muda." Nilikuwa nimekaa Ujerumani siku tisa, nikarudi nikaandika makala ndefu, na sentensi hiyo nikaipigilia mwanzoni kama msumari wa kutundikia picha nzima. Wiki haijaisha nikapata barua pepe kutoka kwa mwanamke mmoja wa huko, aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Aliandika kwa adabu zote: "Nimesoma makala yako nikiwa nimesimama stesheni. Treni yangu imechelewa dakika hamsini. Naomba unielekeze waliko hao Wajerumani unaowasema."

Nilicheka, kisha aibu ikanishika. Wala si siri. Mwaka 2024 zaidi ya treni moja katika kila tatu za masafa marefu nchini Ujerumani haikufika kwa wakati, na kwa wenyewe habari hiyo imekwisha kuwa utani wa kila siku. Mimi sikuiona kwa sababu nilikwenda na jibu mfukoni. Mwenyeji wangu alipotazama saa yake mara mbili, nikaandika kwenye daftari. Treni yangu ilipochelewa (na ilichelewa, sasa nakumbuka vizuri) nikasema ni bahati mbaya, nikafungua kitabu changu. Kilichokubaliana na jibu langu nilikiita tabia ya taifa. Kilichokataa nilikiita ajali.

Tangu siku hiyo nimekosana na kiambishi "hu-". Kitazame kinavyofanya kazi. Hakina jana wala leo. Hakina hata nafsi: awe mtu mmoja au wawe watu milioni 80 na ushei, "huheshimu" ni ile ile. Kinalifaa jua, maana jua huchomoza mashariki. Kinazifaa methali. Ukikibandika kwenye taifa la watu, umewapa tabia ya jua, na mwenye tabia ya jua hana haja ya kuulizwa lolote.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni wa kifundi kabisa. Ukimaliza rasimu, tafuta kila "hu-" iliyofuata jina la watu wa nchi fulani. Iulize: nani hasa, lini, umeona mara ngapi? Kisha jaribu kuiandika upya kwa "-li-". Ile ya kwangu ilipopita kwenye tanuru hiyo ikatoka hivi: "Mwenye nyumba niliyofikia alitazama saa mara mbili kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu." Taifa limeondoka, mtu amebaki, na msomaji anamwona. Usidhani umepunguza uzito wa maandishi. Umeondoa tu kile ambacho hukuwa na ushahidi nacho.

Sisemi "hu-" ifutwe kila mahali. Kwenye sheria na kanuni haina ubaya: Wajapani huendesha magari upande wa kushoto, basi. Ingawa hata hapo, Waswidi nao waliendesha kushoto mpaka alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja, nchi nzima ikahamia kulia. "Hu-" nayo ina siku yake ya kustaafu.

Sasa tuje nyumbani, kwenye "tu-", maana huko ndiko nilikochelewa zaidi kujifunza.

Miaka michache iliyopita niliandika kuhusu foleni za ofisi za umma katika nchi yangu. Nilisema, "Tumezoea kusubiri mpaka kusubiri kumekuwa kazi yenyewe." Niliipenda sana sentensi hiyo, na wenzangu waliipenda. Baadaye kidogo mgeni mmoja aliyewahi kuishi kwetu akaandika maneno hayo hayo karibu yote, ila yeye aliandika "wamezoea". Damu ilinichemka. Nilikaa kwenye kiti nikaanza kumwandikia jibu refu, nikitetea ofisi zile zile nilizozinanga kwa mkono wangu. Nilikuwa kwenye aya ya tatu nilipogundua kwamba tunatofautiana silabi moja: yeye "wa-", mimi "tu-". Foleni ni ile ile, kiti cha mbao ni kile kile.

Jibu sikulituma. Lakini sikukubali pia kwamba tuko sawa, na hadi leo sikubali. Anayesema "tu-" yumo kwenye foleni; akikosea, atasubiri naye. Anayesema "wa-" ana tiketi ya kuondoka. Hiyo ni tofauti ya kweli na si ya hisia tupu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba "tu-" imenipa hatimiliki ya ukweli, kwamba mgeni hana haki ya kuona kilichopo machoni pake. Ukijikuta unaandika kwa hasira kuhusu jambo ambalo mwaka jana ulilisema mwenyewe, acha kuandika kwanza. Pengine hasira yako ni ya kiambishi.

Na "tu-" yetu si aminifu kama tunavyodhani. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Waliwapigia simu na kuwauliza matokeo ya mechi ya timu ya chuo chao. Timu iliposhinda, wengi zaidi walisema "tulishinda". Iliposhindwa, "tu-" ilipungua, mchezo ukawa wa wale wachezaji: walifungwa wao. Wanafunzi hao hawakugusa mpira siku yoyote kati ya hizo.

Baada ya kusoma hayo nilirudi kwenye makala zangu za zamani kwa woga. Nilikuta "tulipigania uhuru wetu", na mimi sikuwa nimezaliwa. Nikakuta "tulijenga". Nikatafuta "tuliiba", "tuliwafukuza", "tuliwanyima". Sikupata hata moja. Yaliyo mabaya yalifanywa na "viongozi wa wakati huo", au yalitendeka tu yenyewe kwa kauli ya kutendwa: ardhi ilichukuliwa, watu walihamishwa. Mwanafikra Mfaransa Ernest Renan, katika mhadhara alioutoa kwenye chuo cha Sorbonne, Paris, mwaka 1882, alisema taifa hujengwa kwa kukumbuka pamoja, na pia kwa kusahau. Nilikuwa nimesikia hoja hiyo zamani nikaikubali kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mataifa mengine. Kumbe usahaulifu wenyewe ulikuwa kwenye viambishi vyangu.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: ukiandika "tu-" kwa sifa usiyoitolea jasho, jiulize kama ungeiandika kwa aibu usiyoifanya. Kama hapana, basi iondoe na kwenye sifa. Au ibakize kote kuwili. Mimi huchagua la pili mara nyingi (ndiyo, hiyo ni "hu-", lakini namsema mtu mmoja ninayemfahamu).

Kuna neno jingine dogo ambalo halitazamwi kabisa: "nchini". "Bei za vitabu zimepanda nchini." Nchi ipi? Mwandishi haoni haja ya kusema. Michael Billig, mwanasaikolojia mwingine, aliandika mwaka 1995 kwamba utaifa hauishi tu kwenye bendera inayopungwa kwa shangwe. Unaishi zaidi kwenye ile iliyoning'inia kwenye jengo la serikali bila mtu kuitupia jicho. Na aliyataja maneno madogo kama haya: sisi, hapa, wetu. "Nchini" ni bendera ya namna hiyo. Inamwambia msomaji, bila kumwangalia usoni, kwamba makala haya ni ya watu wa mlango huu. Kiswahili kinasomwa na watu wa nchi nyingi, kwa hiyo kila "nchini" isiyo na jina inamwacha mtu nje. Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia maneno mawili tu: "Nchini wapi?" Sikuwa na la kujitetea.

Kiindonesia kingeniokoa hapo. Wao wana "sisi" mbili: "kita", yaani mimi na wewe ninayesema nawe, na "kami", yaani mimi na wenzangu, wewe haumo. Ukifungua mdomo lazima uchague. Sisi tuna "sisi" moja, na imeficha mambo mengi. (Ona nilivyoitumia hapo: sisi nani?) Zoezi ninalolipenda ni kusoma rasimu na kuandika pembeni mwa kila "tu-" ama "nawe" ama "bila wewe". Mara nyingi nakuta nimeanza aya na "nawe" nikaimaliza na "bila wewe", na msomaji wa nje ameachwa katikati ya njia.

Unaweza kusema haya ni mambo ya sarufi tu, hayaumizi mtu. Mwanasaikolojia Henri Tajfel angekuwa na neno la kukujibu. Alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland aliyekwenda kusoma Ufaransa, akapigana upande wa Ufaransa, akatekwa na Wajerumani mwaka 1940. Aliishi kwenye kambi za wafungwa wa vita kama Mfaransa, na alijua kwamba wangegundua ametoka Poland, hesabu yake ingekuwa nyingine. Mtu ni yule yule, jina la kundi ndilo lenye uhai na mauti. Baadaye, akiwa Bristol, Uingereza, aliwachukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15, akawaambia wamegawanywa kwa kuwa wengine wamependa michoro ya mchoraji Klee na wengine ya mchoraji Kandinsky. Kwa kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Hawakujua nani mwenzao, na hakuna aliyejigawia fedha mwenyewe. Kazi ilikuwa kuwagawia wengine. Walilipendelea kundi lao. La kushangaza zaidi, mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu ya kile ambacho lingeweza kupata, mradi tu liwazidi wale wengine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1970. Kama Klee na Kandinsky wanatosha kufanya hivyo ndani ya saa moja, fikiria wimbo wa taifa ulioimbwa kila asubuhi ya utoto.

Ndiyo maana siamini ushauri wa "sahau utaifa wako unapoandika". Nimeujaribu. Niliandika kama mtu asiye na kwao, na makala yakatoka yamepauka kama kitabu cha maelekezo ya mashine. Sema tu unapoandikia. Aya moja inatosha: nimekaa siku tisa, sijui lugha yao, nilifikia kwa familia moja. Msomaji akijua dirisha lako lina ukubwa gani, atajua ulichokiona ni kipande gani cha uwanja.

Na ukipata mtu wa nchi unayoiandika, mpe rasimu asome kabla haijatoka. Asiwe msemaji wa taifa lake. Huo ni mzigo wa kumtwisha balozi anayelipwa. Muulize kama anawatambua watu uliowaeleza. Mimi ninaye: yule mwanamke wa stesheni. Naona nimekuwa nikimwita "wa huko" muda wote, wakati kwa kazi ni fundi wa miwani, ana watoto pacha, na anachukia baiskeli, jambo ambalo halimo kwenye picha yoyote niliyowahi kupewa ya watu wa kwao.

Mwezi uliopita nilimtumia makala mapya, ya nchi yangu safari hii, hata si yake. Aliyarudisha na alama mbili tu za wino mwekundu. Ya kwanza ilikuwa kwenye "hu-" iliyonipita, na pembeni ameandika: "Wote?" Ya pili ilikuwa chini kabisa, kwenye sentensi niliyoionea fahari, iliyoanza na "Sisi". Hapo ameandika: "Mimi nimo?"

Bado sijamjibu.