Barafu ya Ncha za Dunia Ianzie Gatini

Nilipotaka kumfundisha mpwa wangu habari za barafu ya ncha za dunia, nilianza vibaya: nilimwonyesha picha za dubu weupe kwenye simu. Dakika mbili tu, akauliza, "Mjomba, sasa sisi watu wa Lamu yatuhusu nini?" Akatoka kucheza.

Ushauri wangu: dubu mwache. Anza na barafu ya samaki.

Nilinunua kidogo gatini, nikatia maji katika bilauri mbili. Ya kwanza nikatia ndani yake vipande vya barafu, vikaelea. Ya pili nikaiwekea jiwe refu lililochomoza juu ya maji, na barafu nikaiweka juu ya jiwe. Tukachora mstari maji yalipofika. (Mara ya kwanza mtoto aliinywa bilauri moja, ikabidi turudie.) Joto la hapa halichelewi. Barafu iliyoelea iliyeyuka, maji yakabaki palepale. Ile ya juu ya jiwe ilipoyeyuka, maji yaliupita mstari.

Hapo ndipo somo lilipo. Barafu ya bahari ya Aktiki, huko ncha ya kaskazini, inaelea. Ya Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini, na ya Antaktika, bara la ncha ya kusini, imekaa juu ya nchi kavu. Ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari itapanda kama mita 7. Ya Antaktika, karibu 58. Hayo ni mambo ya karne nyingi, usimtishe mtoto. Lakini tangu 1900 bahari imeshapanda kama sentimita 20, yaani karibu shibiri, ingawa sehemu ya hiyo ni maji yenyewe kutanuka kwa joto.

Inayoelea nayo ina kazi yake. Weupe wake hurudisha mwanga wa jua, kama ukuta uliopakwa chokaa. Ikiondoka, bahari nyeusi hulimeza joto lile.

Jambo lililonishangaza mimi mwenyewe ni hili. Mtoto wa Lamu anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, kwa kuwa mwezi huvuta maji, na jua huusaidia. Basi rundo la barafu la Greenland, kwa ukubwa wake, nalo huvuta bahari upande wake. Likipungua, mvuto hulegea: maji ya karibu na Greenland hushuka, na ya mbali hupanda kupita wastani. Walio mbali ndio sisi wa Ikweta. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo wao wayeyusha, sisi twapokea?"

Sasa anataka kuchora alama kwenye ngazi ya gati. Mwache achore, ila mwambie mapema kwamba bahari hupanda kama milimita 4 kwa mwaka, na mstari wake wa chaki ni mnene kuliko hapo. Na asichore siku kusi inapovuma, mawimbi yatamdanganya.