Msimamizi anasaini tu, hakufundishi

Dada, pole. Nimekuelewa: upo kwenye mafunzo ya vitendo ya saikolojia tiba, unaona wagonjwa peke yako, na msimamizi anasaini kitabu chako bila kuuliza kitu. Huo si usimamizi.

Usianze na malalamiko. Mwombe saa moja kila wiki, siku inayojulikana, uende na kesi moja iliyoandikwa nusu ukurasa: mgonjwa alileta nini, ulifanya nini, umekwama wapi. Mtu mwenye shughuli nyingi hujibu swali mahususi. Ukimwambia "naomba mwongozo" atakwambia unaendelea vizuri. Baadaye mwombe aketi nawe kikao kimoja, mgonjwa akiridhia, maana ukijisimulia mwenyewe lazima utajipendelea kidogo.

Lakini yule mgonjwa uliyesema aliweka alama 2 kwenye swali la tisa la PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona, hangoji ratiba. Swali hilo linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na 2 maana yake ni zaidi ya nusu ya siku katika wiki mbili. Hata jumla ikiwa ndogo, muulize waziwazi kama ana mpango na njia. Akisema anao, usimwache peke yake. Mwite msimamizi au daktari wa zamu papo hapo, kisha andika kwenye faili saa na uliyemwita. Kama hukufanya hivyo, mpigie msimamizi leo.

Mwezi ukipita bila mabadiliko, mwandikie mratibu wa mafunzo chuoni, kwa barua pepe, si WhatsApp. Na saa za usimamizi ambazo hazikufanyika usizijaze, hata kama yuko tayari kuzisaini.